Sura ya Saba: Kinasa Video cha Nyumbani na Shaka ya Mnunuzi

Kinasa video cha kidijitali, yaani kifaa kinachopokea matangazo ya televisheni, kuyageuza kuwa tarakimu na kuyahifadhi katika diski ngumu iliyomo ndani yake badala ya mkanda wa sumaku, kiliingia katika maduka ya Marekani mwaka 1999, na tangu miezi yake ya mwanzo kiliandamana na hali ambayo deki ya kaseti haikuwa imewazoesha watu: mnunuzi alilipa, akakifunga sebuleni, akakipenda, na bado akaendelea kujiuliza kama alifanya sawa kukinunua. Wataalamu wa saikolojia na wa masoko wamezoea kuieleza shaka ya namna hiyo kuwa ni mtikisiko wa muda wa nafsi, ambao hutulia wenyewe na haustahili kupewa uzito. Sura hii inatetea msimamo tofauti. Kinasa video kilikuwa bidhaa ambayo thamani yake haikukamilika siku ya malipo, kwa kuwa sehemu kubwa ya thamani hiyo ilibaki mikononi mwa kampuni iliyoleta ratiba za vipindi kila usiku, mwa mahakama zilizoamua kifaa kiruhusiwe kufanya nini, na mwa wenye vituo vya televisheni ambao hawakukitaka. Kwa hiyo aliyeendelea kuwa na shaka baada ya kununua aliielewa bidhaa yake vizuri zaidi kuliko aliyetulia.

Uhalali wa shaka hiyo hauonekani mpaka ieleweke kwanza jinsi kifaa chenyewe kilivyofanya kazi. Kampuni mbili ndizo zilizotangulia. Ya kwanza ni TiVo, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Jim Barton na Mike Ramsay, wahandisi waliokuwa wametoka katika kampuni ya kompyuta ya Silicon Graphics; ya pili ni ReplayTV, iliyoanzishwa mwaka huohuo na Anthony Wood, ambaye baadaye aliunda kampuni ya Roku. Zote mbili zilionyesha vifaa vyao Las Vegas Januari 1999, katika maonyesho ya kila mwaka ya vifaa vya elektroniki, na mwishoni mwa Machi TiVo ikaanza kuwapelekea wateja vinasa vilivyotengenezwa na Philips. Ndani ya kinasa cha TiVo mlikuwa na kompyuta ndogo iliyoendeshwa na Linux, saketi ya kubana picha kwa utaratibu wa MPEG-2, ambao ni njia ya kupunguza ukubwa wa video kwa kuacha kuhifadhi yale ambayo hayabadiliki kutoka picha moja hadi nyingine, na diski ngumu ya aina ileile iliyotumika katika kompyuta za mezani. Kwa kuwa diski iliweza kuandikwa na kusomwa kwa wakati mmoja, mtazamaji aliweza kusimamisha matangazo ya moja kwa moja, kuyarudisha nyuma kwa rimoti, kisha kuyaendeleza, huku kifaa kikiendelea kunasa yaliyokuwa yakija. Kinasa cha TiVo kiliweka akiba ya nusu saa ya chaneli iliyokuwa ikitazamwa, hata kama mtazamaji hakuwa ameagiza chochote kirekodiwe.

Hayo peke yake yangetosha kukifanya kifaa cha ajabu, lakini hayakuwa kiini chake. Kiini kilikuwa ratiba. Mwenye deki ya kaseti alilazimika kujua kipindi kinarushwa siku gani, saa ngapi na katika chaneli ipi, na watu wengi walishindwa hata kuiwekea deki saa sahihi. Mwenye kinasa cha kidijitali alichagua kipindi kwa jina, na kifaa kikakitafuta chenyewe wiki baada ya wiki, kikihama pamoja nacho pale kituo kilipokibadilishia saa. Ili hilo liwezekane, kinasa kilipaswa kuwa na orodha sahihi ya vipindi vya siku nyingi zijazo, na orodha hiyo kilikwenda kuichukua chenyewe kwa kupiga simu kupitia modemu, yaani chombo cha kupitisha data katika waya wa simu, mara nyingi usiku watu wakiwa wamelala. Simu hiyo ilipokosa kujibiwa kwa siku kadhaa mfululizo, ratiba iliisha, na kifaa kilichokuwa kikijua kila kitu kikabaki hakijui hata kesho kuna nini.

Gharama nazo zilipangwa kwa namna iliyomfanya mnunuzi afikiri zaidi ya mara moja. Kinasa cha Philips chenye nafasi ya saa 14 kiliuzwa kwa dola 499, na cha saa 30 kwa dola 999, ilhali vya ReplayTV vilianzia takriban dola 700 na kufika 1,500. Saa zilizoandikwa juu ya boksi zilihesabiwa kwa kiwango cha chini kabisa cha ubora wa picha. Aliyetaka picha safi, hasa ya mpira au ya filamu, alipata karibu theluthi moja tu ya saa hizo, na jambo hilo wengi walilitambua baada ya kifaa kufika nyumbani na kujaa katikati ya wiki. Boksi halikuwa limedanganya, kwa maana kwamba saa 14 zilipatikana kweli kwa yule aliyeridhika na picha yenye ukungu, lakini namba iliyowekwa mbele ya macho ya mnunuzi ilikuwa ile ambayo watu wachache wangeitumia. Desturi hiyo ya kutangaza kipimo cha juu kabisa kinachopatikana katika hali duni kabisa ya matumizi inastahili kulaumiwa popote inapoonekana, kwa sababu humwacha mteja akijiona mjinga kwa kosa ambalo si lake.

Juu ya bei ya kifaa kulikuwa na malipo ya ratiba. ReplayTV iliyajumuisha ndani ya bei, na ndiyo sababu vifaa vyake vilionekana ghali. TiVo iliyatenga: mteja alilipa dola 9.95 kila mwezi, au alilipa dola 199 mara moja akapata kile kilichoitwa huduma ya maisha. Hesabu ya hapo ni rahisi, kwani 199 ikigawanywa kwa 9.95 inatoa 20, maana yake ni kwamba aliyelipa kwa mkupuo alianza kufaidika kuanzia mwezi wa 21. Ada zilipopanda kufikia dola 12.95 kwa mwezi na dola 299 kwa mkupuo, mahali pa kuvukia palisogea hadi mwezi wa 24. Hata hivyo, hesabu hiyo ilificha swali gumu kuliko yote, nalo ni maisha ya nani. Masharti yalisema kwamba ni maisha ya kifaa. Si ya mnunuzi, wala si ya kampuni. Kifaa kikifa, huduma imekufa nacho, na mwenye kununua kingine alianza kulipa upya. Kwa hiyo kila aliyelipa dola 199 aliweka dau mara mbili kwa wakati mmoja, kwanza kwamba mtambo wenye diski inayozunguka usiku na mchana ungedumu zaidi ya miezi 20, na pili kwamba kampuni changa, ambayo ilikuwa bado haijapata faida, ingekuwa hai kuupelekea ratiba kwa muda wote huo. Hakuna muuzaji wa dukani aliyeweza kumhakikishia mteja lolote kati ya hayo mawili.

Saikolojia ina mengi ya kusema kuhusu kinachotokea akilini baada ya uamuzi kama huo. Mwaka 1957 Leon Festinger alichapisha nadharia ya ukinzani wa fikra, inayodai kwamba binadamu husumbuka anapobeba mawazo mawili yasiyopatana, mathalani wazo kwamba ametumia fedha nyingi na wazo kwamba alichokinunua kina kasoro, na kwamba usumbufu huo humsukuma abadilishe mojawapo ya mawazo hayo hadi yapatane. Mwaka mmoja kabla, Jack Brehm alikuwa amewapa wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Minnesota vitu kadhaa vya nyumbani, miongoni mwao mashine ya kahawa, kibaniko cha mkate na redio, wavipime kwa kadiri wanavyovitamani; kisha akawaruhusu wachague kimoja kati ya viwili wakichukue, na alipowaomba wapime tena, kile kilichochaguliwa kilipanda hadhi na kile kilichoachwa kikashuka, ingawa vitu vyenyewe havikuwa vimebadilika hata kidogo. Utafiti mwingine wa mwaka 1957, ulioongozwa na Danuta Ehrlich, uligundua kwamba watu waliotoka kununua gari jipya walisoma matangazo ya gari hilohilo zaidi ya matangazo ya magari waliyoyafikiria wakayaacha. Picha inayopatikana ni ya akili inayofanya kazi ya kujituliza, ikikusanya sababu za kukipenda kile ambacho tayari imekilipia.

Kuna pia upande wa pili, ambao unahusu maduka yanayoruhusu bidhaa kurudishwa. Daniel Gilbert na Jane Ebert walichapisha mwaka 2002 matokeo ya majaribio waliyofanya Harvard, ambako wanafunzi wa upigaji picha walichagua picha moja kati ya mbili walizozisafisha wenyewe. Wale walioambiwa kwamba wangeweza kubadilisha uamuzi katika siku zilizofuata waliipenda picha yao kuliko wenzao waliofungwa na uamuzi wao? La, waliipenda kwa kiasi kidogo kuliko hao, kwa sababu mlango uliobaki wazi uliizuia akili isianze kazi yake ya kujituliza. Kwa mwenye kinasa kipya sebuleni, kipindi cha kurudisha bidhaa kilikuwa na athari hiyohiyo: risiti iliyotunzwa kwenye droo ilimpa usalama wa fedha na kumnyima utulivu wa moyo.

Maelezo haya ni ya kweli kwa kadiri yanavyokwenda, ila yameundwa kwa ajili ya kibaniko cha mkate. Kibaniko hukamilika siku kinaponunuliwa. Hakimtegemei mtu mwingine ila shirika la umeme, na mwenye kukitilia shaka baada ya mwezi hana taarifa mpya inayompa haki ya kufanya hivyo, isipokuwa kimeharibika. Kinasa video hakikuwa hivyo. Mnunuzi wake aliuziwa mbuzi kwenye gunia kwa maana ambayo hata muuzaji mwaminifu asingeweza kuiepuka, kwa kuwa sehemu ya bidhaa ilikuwa bado haijatengenezwa: programu ingebadilishwa kupitia waya wa simu, ratiba ingeletwa au isingeletwa, ada ingepanda, na sheria ingeruhusu au ingekataza. Kila moja ya hayo lilipotokea, mnunuzi alipata taarifa mpya kuhusu ununuzi wa zamani, na kuutathmini upya ununuzi huo kulikuwa ni tendo la akili timamu.

Historia ya ReplayTV inalithibitisha hilo kuliko mfano mwingine wowote. Mwaka 2001 kampuni hiyo ilinunuliwa na SonicBlue, ambayo ilitoa kinasa kipya chenye mambo mawili ya kipekee, la kwanza likiwa ni kuruka matangazo ya biashara bila mtazamaji kugusa rimoti, na la pili ni kumtumia mwenye kinasa kingine kipindi kilichorekodiwa kupitia intaneti. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo kampuni kubwa za televisheni ziliishtaki. Mzizi wa mgogoro ulikuwa wa zamani zaidi: Januari 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikuwa imeamua katika kesi iliyohusu deki ya Betamax ya kampuni ya Sony kwamba mtu anayerekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye havunji haki ya mwenye kipindi. Uamuzi huo uliihalalisha deki, lakini haukusema lolote kuhusu mashine inayoruka matangazo yenyewe au inayosafirisha kipindi kwa rafiki, na vituo vinavyoishi kwa fedha za matangazo viliona kwamba hapo ndipo pa kupigania.

Mnunuzi wa kinasa hicho alijikuta ameingia katika kesi ambayo hakuwa amealikwa. Mwaka 2002 hakimu mmoja wa California aliiagiza SonicBlue iandike programu ya kufuatilia wateja wake walitazama nini, waliruka matangazo gani na walimtumia nani kipindi, ili takwimu hizo zitumike kama ushahidi. Agizo hilo lilitenguliwa na jaji wa juu yake baada ya wiki chache, lakini lilikuwa limeonyesha kwamba kifaa kilichokwisha kulipiwa kingeweza kugeuzwa, kwa karatasi ya mahakama, kuwa mtoa taarifa ndani ya nyumba. Mwaka huohuo wamiliki watano wa vinasa hivyo, akiwemo Craig Newmark, mwanzilishi wa Craigslist, walikwenda mahakamani wenyewe wakiomba itamkwe kwamba matumizi yao ni halali. Hatua hiyo inastahili heshima, kwani ni mara chache wanunuzi hukataa kukaa pembeni wakati haki yao ya kukitumia kitu chao inajadiliwa na wengine. Machi 2003, kabla mahakama haijafikia kiini cha shauri, SonicBlue ilifilisika; kampuni iliyoichukua ReplayTV, D&M Holdings, ikatoa toleo jipya lisiloruka matangazo yenyewe wala kutuma vipindi, na kesi ya wamiliki ikafungwa Januari 2004 bila swali lao kujibiwa.

Aliyenunua kwa kampuni isiyofilisika naye hakuwa salama. TiVo ilikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, juu ya njia ya kurekodi na kutazama kwa wakati mmoja, na mwaka 2004 iliishtaki EchoStar, kampuni iliyouza televisheni ya setilaiti pamoja na vinasa vyake yenyewe. Baraza la wazee wa mahakama lilitoa uamuzi Aprili 2006 kwa upande wa TiVo, pamoja na fidia ya takriban dola milioni 74, na miezi michache baadaye jaji aliagiza EchoStar izime uwezo wa kurekodi katika karibu vinasa vyote vilivyohusika, vikiwemo vile vilivyokuwa tayari majumbani mwa wateja. Agizo hilo lilisimamishwa kusubiri rufaa, ubishi ukaendelea kwa miaka, na mwaka 2011 EchoStar pamoja na Dish zikakubali kuilipa TiVo dola milioni 500 ili mambo yaishe. Katika muda wote huo mamilioni ya familia zilikuwa na kifaa ambacho mahakama ilikuwa imeamuru kizimwe kwa kosa la aliyekitengeneza, na hakuna hata familia moja ambayo ingeweza kuliona jambo hilo kwa kukikagua kifaa dukani.

Shaka ya aina nyingine ilitokana na bei, na hii ndiyo inayofahamika zaidi, hivyo haihitaji maelezo marefu. Diski ngumu ziliongezeka ukubwa na kupungua bei kwa kasi, na kila aliyenunua alijua kwamba angesubiri angepata zaidi kwa fedha ndogo. Mfano mkali ni wa Septemba 2006, TiVo ilipotoa kinasa chake cha kwanza cha kujitegemea kilichorekodi picha za ubora wa juu kwa dola 799. Mwaka uliofuata, kabla ya miezi 12 kutimia, ikatoa kingine kilichofanya karibu kazi zote hizo kwa dola 299. Machi 2006, vilevile, kampuni ilikuwa imeacha kuuza huduma ya maisha, ikaja kuirudisha baadaye, kiasi kwamba mteja wa mwaka huo alinyimwa hata nafasi ya kupiga ile hesabu ya miezi. Sambamba na hayo, kampuni za televisheni ya kebo zilianza mwaka 2002 kuwakodishia wateja vinasa vyao kwa ada ndogo ya mwezi, bila malipo ya awali. Vinasa vya kukodi mara nyingi vilikuwa vizito kutumia kuliko TiVo, lakini vilikuwa na faida moja ambayo haikuonekana kwenye karatasi ya bei: vilijua kubadilisha chaneli. Mwenye TiVo ya zamani aliyetumia kisimbuzi cha kebo alilazimika kubandika mbele ya kisimbuzi hicho waya mwembamba uliotoa miale isiyoonekana kama ile ya rimoti, na waya huo ulipojongea kidogo au kisimbuzi kilipochelewa kuitikia, kinasa kilirekodi kwa uaminifu saa nzima ya chaneli isiyotakiwa.

Suala la faragha nalo lilijitokeza ghafla. Tarehe 1 Februari 2004, katika mapumziko ya fainali ya mpira wa Marekani iitwayo Super Bowl, kifua cha mwimbaji Janet Jackson kilifunuliwa mbele ya watazamaji wa taifa zima, na siku iliyofuata TiVo ilitangaza kwamba tukio hilo ndilo lililorudiwa kutazamwa zaidi ya jingine lolote katika rekodi zake. Kampuni ilieleza kwamba takwimu zilikusanywa bila majina, na maelezo hayo yalilingana na sera iliyokuwa imechapishwa. Hata hivyo wateja wengi walikuwa hawajawahi kuwaza kwamba kitendo cha kubonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, sebuleni, usiku, kilikuwa kikihesabiwa na kupelekwa kwa simu ileile iliyoleta ratiba. Waliofikiria upya ununuzi wao siku hiyo hawakuwa wamegundua kasoro katika kifaa. Waligundua kazi nyingine ambayo kifaa kilikuwa kikiifanya tangu siku ya kwanza.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatapata shida kuitambua hali hii, hata kama hajawahi kumiliki kinasa cha TiVo. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya mwaka 2015, kaya nyingi zilinunua kisimbuzi cha kampuni moja na kutambua baadaye kwamba kisimbuzi hicho hakifungui matangazo ya kampuni nyingine, hivyo aliyetaka ligi iliyohamia kwingine alilazimika kununua kifaa cha pili. Katika visimbuzi vya kurekodi vya DStv uwezo wa kurekodi hulipiwa ada juu ya kifurushi. Kifaa ni mali ya mteja. Kinachokipa uhai si chake.

Kuna njia za kuijibu shaka hii ambazo hazihitaji kuinyamazisha. Baadhi ya wamiliki wa TiVo walifungua vifaa vyao na kubadilisha diski, jambo lililowezekana kwa kuwa diski ilikuwa ya kawaida ya kompyuta, na kwa hatua hiyo waliirefusha ile huduma ya maisha kwa kuyarefusha maisha yenyewe. Vinasa vilivyokwisha kulipiwa huduma hiyo viliuzwa kama mitumba kwa bei ya juu kuliko vile visivyolipiwa. Wengine walijenga vinasa vyao kwa kompyuta za kawaida, wakitumia programu huria ya MythTV iliyoanzishwa na Isaac Richards mwaka 2002, ingawa hata hao walihitaji chanzo cha ratiba, na chanzo hicho kilipofungwa au kugeuzwa cha kulipia walijikuta mahali palepale. Lililowasaidia wote hao ni kuuliza, mapema au kwa kuchelewa, maswali yasiyohusu ubora wa picha wala idadi ya saa: nani anashika upande wa pili wa waya, atapata nini kwa kuendelea kuushika, na kifaa kitabaki na uwezo gani akiuachilia. Mwenye kuyauliza kabla ya kulipa hapati uhakika, lakini anajua ni dau gani anaweka.

Kwa baadhi yao dau lililipa kuliko walivyotarajia. Kuzimwa kwa mitambo mikubwa ya analojia Marekani tarehe 12 Juni 2009 hakukuviua vinasa vya kizazi cha kwanza, kwa kuwa serikali ilitoa vocha za dola 40 za kununulia vigeuzi vya kupokea mawimbi ya kidijitali, na kinasa cha mwaka 1999 kiliweza kuunganishwa nyuma ya kigeuzi hicho. TiVo iliendelea kuvipelekea ratiba hadi mwaka 2016, mwaka ambao yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Rovi. Aliyelipa dola 199 mwanzoni kabisa na kukitunza kifaa chake hadi mwisho alipata miaka kama 17 ya huduma, ambayo kwa ada ya dola 9.95 ingemgharimu zaidi ya dola 2,000. Mwenzake wa ReplayTV, aliyelipa fedha nyingi zaidi siku ya kwanza ili asidaiwe tena, aliiona kampuni yake ikiuzwa na kufilisika ndani ya miaka minne. Wote wawili walikuwa na sababu zilezile za kuwa na wasiwasi mwaka 1999, na hakuna kilichokuwamo ndani ya maboksi yao ambacho kingemwonyesha yeyote ni nani kati yao angefika mbali.

Kinasa chenyewe kimeendelea kuhama kutoka sebuleni. Agosti 2008 mahakama ya rufaa ya New York iliamua kwamba kampuni ya kebo ya Cablevision ingeweza kuwarekodia wateja vipindi katika seva zake, yaani kompyuta kubwa za kuhifadhi data zilizoko mbali na nyumba, mradi kila mteja awe na nakala yake aliyoiagiza mwenyewe, na uamuzi huo ukafungua njia kwa huduma zinazorekodi bila kifaa chochote cha kununua. YouTube TV, iliyoanza mwaka 2017, humpa mteja nafasi isiyo na kikomo na kumtunzia kila rekodi kwa miezi 9. Bei ya awali imetoweka, na pamoja nayo hofu ya kununua leo kinachoshuka bei kesho. Hesabu ya miezi 20 haina tena cha kuhesabu, kwa sababu malipo hayana mahali pa kuvukia. Mteja akiacha kulipa, maktaba yake inafungwa, ilhali ratiba za vinasa vya kwanza vya TiVo zilipokatwa mwaka 2016, vipindi vilivyokuwa tayari vimehifadhiwa katika diski zake vilibaki ndani ya nyumba za waliovirekodi.